Fahamu: Kwa nini alumini ya kusubu hupata mashimo na nyufa

Sufuria mpya inavuja. Pangaboi la injini ya boti linakatika katikati ya Ziwa Victoria. Watu husema fundi kalipua kazi, au alumini ni feki. Kumbe chanzo kinaweza kuwa punje, yaani chembe zinazojijenga alumini ikiganda. Kwa fundi wa Buhongwa, Mwanza, anayesubu kwa chakavu, kuzijua kunaokoa kazi na wateja.

Punje ni nini?

Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 660. Ikimiminwa kwenye kalibu na kuanza kupoa, chembe huota ndani yake. Zikianza chache, kila moja inakua kubwa. Zikianza nyingi kwa pamoja, zinabanana na kubaki ndogo.

Kubwa zina shida gani?

Alumini safi ikiganda hupungua ujazo kwa takriban asilimia 6. Uji uliobaki lazima upenye kujaza nafasi hiyo. Punje kubwa zina matawi marefu yanayoziba njia mapema. Matokeo yake ni mashimo, au nyufa zinazotokea kabla kitu hakijapoa.

Zinapunguzwaje?

Viwanda huongeza kiasi kidogo cha aloi ya titani na boroni. Inayotumika sana ina titani asilimia 5 na boroni asilimia 1. Chembe zake huwa kama mbegu za punje mpya. Lakini mbegu hizo ni nzito na hutuama chini, hivyo uji ukikaa muda mrefu bila kukorogwa, nguvu yake inapungua. Silikoni nyingi, kama ya pistoni chakavu, nayo hudhoofisha kazi ya titani.

Je, inatosha?

Hapana. Chakavu chenye unyevu huingiza haidrojeni, na gesi hiyo huacha matundu. Punje ndogo huyasambaza yawe madogo, haziiondoi gesi. Kausha chakavu na vifaa, usizidishe moto, ondoa takataka juu ya uji. Maji yakinaswa ndani ya uji wa moto yanaweza kuulipua na kumuunguza fundi.

Utajuaje kosa liko wapi?

Kata kipande kilichoharibika. Matundu ya mviringo yenye kuta laini mara nyingi ni ya gesi. Mashimo yenye kingo za kuparuza huashiria uji haukufika. La kwanza linahitaji ukavu, la pili punje ndogo na njia nzuri ya kumimina.