Kua: Mji wa kale uliobaki magofu Mafia

MAGOFU ya Kua yapo upande wa magharibi wa Kisiwa cha Juani, wilayani Mafia, Mkoa wa Pwani. Ni mabaki ya mji wa Waswahili uliostawi hasa katika karne ya 18.

Majengo yake yalijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Miongoni mwake ni jumba la ghorofa linalotajwa kuwa la mtawala, misikiti kadhaa, makaburi na nyumba za raia.

Kua ilikuwa na hasimu wake, mji wa Kisimani, uliokuwa katika ncha ya magharibi ya kisiwa kikuu cha Mafia. Mapokeo ya wenyeji yanasimulia kuwa watu wa Kisimani waliwakamata watoto wa Kua na kuwalaza mahali pa magogo wakati wa kushua jahazi. Miaka kadhaa baadaye, watu wa Kua waliwaalika Kisimani harusini katika chumba cha chini ya ardhi, kisha wakauziba mlango.

Mwisho wa Kua ulitoka ng'ambo ya bahari. Mwanzoni mwa karne ya 19, Wasakalava kutoka Madagaska waliuvamia mji huo, wakaua watu na kuchukua wengine mateka. Mji ukahamwa, na Kisiwa jirani cha Chole kikawa kituo kikuu cha Mafia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na Kua ilikwisha kuhamwa kabla ya mwaka huo. Kwa sababu hiyo, hairuhusiwi kuchimba wala kubomoa magofu hayo bila kibali.

Hata hivyo, sheria huwazuia watu tu. Mibuyu na mitini imeota ndani ya kuta, na mizizi yake hupenya katika nyufa na kuyasukuma mawe. Miti hiyo ikikatwa ovyo, ukuta unaoshikiliwa na mizizi unaweza kuanguka.

Kisimani ni onyo: sehemu kubwa ya mji huo imekwisha kumezwa na bahari. Kua ingali imesimama, lakini jiwe likiondolewa mahali pake hupoteza ushahidi wa chumba, mlango au kaburi lililokuwa sehemu yake, na ushahidi huo haurudi.