Kiungio na Mrija katika Kompyuta Ipozwayo kwa Maji

Mtu aundaye kompyuta yake mwenyewe, akaazimu kuipoza kwa maji badala ya kuitegemea feni peke yake, aghalabu hutumia fikira zake nyingi katika kuchagua kichakataji na kadi ya michoro, na fikira chache mno katika vile vitu viwili ambavyo bei yake ni ndogo lakini ndivyo viamuavyo kama maji yatakaa mahali pake au yatamwagika juu ya saketi zenye umeme. Vitu hivyo ni mirija ipitishayo maji, na vile vipande vya madini viunganishavyo mirija hiyo na pampu, na rejeta, na bamba la shaba lililolazwa juu ya kichakataji. Madukani vipande hivyo huitwa fitingi, na neno hilo limekwisha kukaa vinywani mwa watu; walakini mwenye kutaka kufundisha kazi hii kwa Kiswahili hana budi kupata majina yatakayomwonyesha mwanafunzi kila kitu kina kazi gani.

Neno la kwanza lenye mushkili ni bomba. Asili yake ni Kireno, na katika lugha hiyo maana yake ni mashine ya kuvutia maji, nasi tumelipanua hata likawa jina la mashine hiyo, na la njia ya maji, na la mfereji wenyewe ulio uani. Katika nyumba upana huo haudhuru, maana msikilizaji hufahamu kwa muktadha. Bali katika chombo ambacho mashine ya kusukuma na njia ya maji vimo pamoja ndani ya sanduku moja, fundi akisema bomba limeharibika hakuna ajuaye kilichoharibika ni kipi. Kwa hiyo naona ni heri mashine ile iitwe pampu, kama inavyoitwa na watu wengi, na njia ya maji iitwe mrija, neno ambalo waganga wamekwisha kulipa heshima yake waliposema mirija ya uzazi, na ambalo kila mtoto aliyekunywa soda analijua. Wengine husema mpira, lakini mpira ni jina la kitu kilichotengenezwa kwa mpira, na mirija mingi ya kazi hii haikutengenezwa kwa mpira hata kidogo.

Ama fitingi, mimi naiita kiungio. Kiungo tunacho tangu zamani, nacho ni mkono au mguu katika mwili, na tena ni bizari na tangawizi katika chungu. Kiungio ni kitu cha kuungia, wala hakina maana nyingine ya kukigombania.

Kiungio kina pande mbili. Upande mmoja huingia katika tundu la pampu au la rejeta kwa hesi, yaani ule mtaro uzungukao kama katika parafujo, na takriban viwanda vyote vya vyombo hivi vimepatana juu ya hesi moja iitwayo G1/4. Jina hilo limewababaisha wengi, kwa sababu robo ya inchi ni milimita 6.35, lakini ukiipima hesi hiyo kwa nje utakuta ni milimita 13.157, zaidi ya maradufu. Sababu yake ni ya kihistoria: kipimo hicho kilikuwa cha uwazi wa ndani wa mabomba ya chuma ya zamani, na hesi ilichongwa juu ya ukuta wake mnene, mabomba yakabadilika, jina likabaki. Umbo la meno yake, yenye pembe ya digrii 55, limetokana na kanuni aliyoipendekeza Mwingereza Joseph Whitworth mwaka 1841, wakati ambapo kila karakana ilikuwa na hesi zake na parafujo ya mahali pamoja haikuingia pengine. Na kwa hiyo mtu anayefunga kompyuta leo huhesabu meno 19 katika kila inchi kwa urithi wa mashine za mvuke.

Hapa ndipo penye jambo ambalo fundi bomba wa Mombasa au Dar es Salaam, kwa maarifa yake yote, huweza kukosea. Katika mabomba ya nyumba hesi ya nje aghalabu hupungua unene kuelekea nchani, na kadiri inavyozungushwa ndivyo inavyojikaza ndani ya mwenzake; fundi huizungushia ile tepu nyeupe, na hesi yenyewe ikawa ndiyo kizuizi cha maji. Hesi ya G1/4 haipungui. Unene wake ni mmoja tangu mwanzo hata mwisho, kwa hiyo naiita hesi sambamba, na kazi yake ni kushika tu. Maji hupita kati ya meno yake bila ya taabu, na kiyazuiacho ni pete ndogo iliyolazwa katika mtaro chini ya shingo ya kiungio. Mwenye kuweka tepu hapo hakuongeza dhamana yoyote. Pengine ameizuia pete isikae vizuri, na vipande vya tepu vikikatika huingia majini na kusafiri hata kwenye bamba la shaba.

Kwa sababu hiyo sipendi pete hii iitwe pete ya mpira, jina litajalo mata yake na kunyamaza juu ya kazi yake. Ni pete ya kuziba. Itazame kiungio kinapoingia: kwanza huonekana kama mstari mweusi mnene baina ya shingo na uso wa rejeta, unazungusha kwa vidole, mstari unakuwa mwembamba, unazungusha tena, madini yanakutana na madini, na mstari umetoweka. Hapo basi, kazi imekwisha. Atakayechukua spana akakaza zaidi hataifanya pete izibe kuliko ilivyoziba, ila ataikata, au atalipasua tundu ikiwa limetobolewa katika akriliki. Na pete iliyo kavu ipakwe grisi ya silikoni kidogo, si mafuta ya mgando, maana pete za mpira uitwao EPDM zikikutana na mafuta yatokanayo na petroli huvimba na kulegea.

Upande wa pili wa kiungio hushika mrija. Kiko kiungio cha meno, ambacho mrija husukumwa juu yake na kufungwa kwa klipu, nacho ni cha rahisi na cha kutegemewa. Na kiko kiungio cha kubana, chenye kola ishukayo juu ya mrija na kuugandamiza pande zote. Hiki cha pili hutaka vipimo viwili vilingane nacho, kipenyo cha ndani na kipenyo cha nje. Mrija ulioandikwa 10/13 na ulioandikwa 10/16 huvikwa wote juu ya jino lile lile la kiungio, lakini kola ya 10/16 juu ya mrija wa 10/13 haibani kitu. Tofauti ya hiyo miwili ni unene wa ukuta, milimita moja na nusu kwa milimita tatu, na ukuta mnene ndio uuwezeshao mrija kupinda karibu bila ya kujikunja na kuyafunga maji.

Upana wa ndani, ambao wanunuzi huushughulikia mno, una athari ndogo. Ikiwa vyombo vinatoa joto la wati 400 na maji yanapita lita 4 kwa dakika, maji hutoka yakiwa yamezidi joto yalipoingia kwa digrii moja na nusu tu. Kuupanua mrija kwa milimita tatu hakutaipoza kompyuta. Kitakachoipoza ni ukubwa wa rejeta na hewa ya chumba, na katika pwani yetu, chumbani mwenye digrii 32, maji hayawezi kushuka chini ya hapo kwa hila yoyote ya feni.

Kilicho na uzito hasa ni mata ya mrija. Plastiki ya PVC kwa asili ni ngumu, nayo hulainishwa kwa kuchanganywa na kemikali iitwayo kilainishi. Katika maji ya moto kilainishi hicho hutoka polepole, mrija ulioonekana kama kioo ukawa na ukungu, na kilichotoka huganda pale njia ilipo nyembamba kuliko zote, yaani katika mifereji ya bamba la shaba isiyofikia nusu milimita. Ukilifungua bamba lililotumika hivyo utaona utando mweupe, au wa kijani, umeziba mifereji kama vile samli iliyoganda. Mpira mweusi wa EPDM hauna aibu hiyo. Hauonyeshi maji, wala haupendezi kwa wapendao rangi, lakini hukaa miaka bila ya kuyachafua, na mtu akiniuliza ndio nimshaurio kwanza.

Mirija migumu ni habari ya umbo na uzuri. Ya plastiki iitwayo PETG huanza kulainika karibu na digrii 80, kwa hiyo pampu ikisimama na mashine ikaendelea kufanya kazi kuna hatari mrija ukalegea ndani ya kiungio chake. Ya akriliki hustahimili joto zaidi kuliko hiyo, lakini hupasuka kwa urahisi, na spiriti ya kusafishia huweza kuitia nyufa. Yote hupindwa kwa joto huku ufito wa silikoni umetiwa ndani ili njia isibonyee, na yote hukatwa kisha ikapigwa msasa ukingoni, kwani ukingo mkali huichana pete ya kuziba iliyomo ndani ya kiungio pindi mrija unaposukumwa.

Madini ya viungio nayo yachunguzwe. Vingi ni vya shaba ya manjano iliyopakwa nikeli, navyo hupatana na bamba la shaba nyekundu. Kikiingia kimoja cha alumini katika maji yale yale, alumini huliwa na kutu hata ikatoboka. Na kabla ya tone la maji kutiwa, mzunguko wote ujazwe hewa kwa mgandamizo wa nusu baa hivi, usiozidi kile kiwango walichokitaja watengenezaji wa vyombo, kisha uachwe robo saa. Sindano ya kipimo cha mgandamizo ikishuka, kila kiungio kifunguliwe kwa zamu na pete yake itazamwe.