Mhuri wa tawi letu la IEEE, Nyeri

Leo naweka programu kando. Juzi nilikuwa nyumbani Othaya, nikipekua sanduku la vitabu vya chuo, nikakutana na mhuri wa tawi letu la IEEE. Wino umekauka kabisa. Nilikuwa mweka hazina wa tawi hilo mwaka 2018 (chuo sikitaji, wenyewe wanajijua), na nimeona afadhali niandike habari zake kabla sijasahau.

Kwa wasioijua, IEEE ni chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, elektroniki na kompyuta. Wi-Fi unayotumia inafuata viwango vyao. Mzizi wake mmoja ni chama cha Wamarekani cha mwaka 1884, kilichokuwa na makao New York. Waliokaa mbali walilipa ada kama wengine, lakini mikutano waliisikia tu. Ndipo Charles F. Scott, aliyekuwa rais wa chama mwaka 1902 hadi 1903, akasukuma wazo la matawi ya miji na ya vyuo. Mzizi wa pili ni chama cha wahandisi wa redio cha mwaka 1912. Hao hawakutaka neno Marekani katika jina lao, kwa sababu walitaka wanachama wa dunia nzima. Vyama hivyo viwili viliungana tarehe 1 Januari 1963.

Sasa chukua New York ya Scott, uiite Nairobi. Kutoka Nyeri ni kama kilomita 150. Mhadhara wa jioni mjini maana yake ni nauli ya kwenda na kurudi, na mahali pa kulala. Mwanafunzi gani ana hiyo?

Na wanafunzi huku wapo. Taasisi ya Ufundi ya Kimathi ilianzishwa mwaka 1972 kwa harambee ya wananchi wa Nyeri. Mwaka 2007 ikawa chuo kikuu kishiriki, na Desemba 2012 ikapata hati kamili kama Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Karatina, Chuka na Meru wakapata hati zao mwaka 2013. Embu, Kirinyaga na Murang'a mwaka 2016. Mlima ukazungukwa na vyuo vikuu ndani ya miaka minne.

Kufungua tawi tulihitaji majina 12 ya wanachama waliolipa, na mhadhiri ambaye naye ni mwanachama awe mlezi. Majina 12 ni rahisi kuyapata kwenye karatasi! Kasheshe ni ada, maana inalipwa kwa dola, kwa kadi ya benki. Watu walinitumia hela kwa M-Pesa, nami nikamtafuta binamu yangu mwenye kadi. Mwenzetu mmoja alilipa mara mbili kwa sababu mimi nilikosea kuandika. Nilimrudishia kwa mafungu.

Halafu kuna kalenda. Uanachama unaisha 31 Desemba, wakati wanafunzi wako nyumbani, wengine kwenye mavuno ya kahawa. Kila Januari tulianza kuhesabu upya. Tulikuwa na wahadhara wazuri, tena siku moja tulijaza ukumbi kwa mada ya Arduino. Lakini mwaka 2019 mwenyekiti alihitimu akiwa na nywila ya barua pepe ya tawi, na namba yake ya simu ikabadilika. Mlezi akaenda kusoma ng'ambo. Tawi likalala. Sisi ambao kila siku tunahubiri kuandika maelezo ya programu hatukuwa na hata ukurasa mmoja wa makabidhiano.

Kinachoniuma ni kwamba mfano mwingine ulikuwa jirani. Juni 2015, mkutano wa kwanza wa Data Science Africa ulifanyika hapo hapo Dedan Kimathi. Mmoja wa waandaaji alikuwa Ciira wa Maina, mhadhiri wa chuo hicho, pamoja na Neil Lawrence, wakati huo akiwa Sheffield, Uingereza. Mwaka 2016 ukaenda Kampala, 2017 Arusha. Yaani ulianzia Nyeri ukatoka nje. Sisi tulidhani jina kubwa kutoka nje ndilo litakalotubeba, tukasahau kumlea hata mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili.

Mwaka jana kijana mmoja wa mwaka wa pili alinipigia, anataka kulifufua tawi. Nilimpa daftari la ada, na makosa yangu yote yamo. Akaniuliza kama kuna mhuri, nikamwambia ulipotea. Sasa umepatikana. Jumamosi nitaupeleka Nyeri mjini, nikanunue wino njiani.