Daraja la Chuma

Daraja la Chuma (Iron Bridge) ni daraja la upinde linalovuka mto Severn, Shropshire, Uingereza, na daraja kubwa la kwanza duniani kujengwa kwa chuma cha kusubu. Lilibuniwa na Thomas Farnolls Pritchard, likajengwa na Abraham Darby III mwaka 1779, na kufunguliwa 1781. Upinde wake unavuka umbali wa mita 30 hivi. Vipande vyake vimeunganishwa kwa ndimi, matundu na kabari, kama seremala aungavyo mbao, kwa kuwa mafundi hawakuwa na mfano mwingine wa kufuata.

Mji mdogo wa Ironbridge uliota kando yake na kuchukua jina lake. Magari yalipigwa marufuku 1934, lakini watembea kwa miguu walilipa ushuru hadi 1950. Ubao wa viwango vya ushuru huo ungali kwenye ukuta wa nyumba ya ushuru: mtembea kwa miguu alilipa nusu peni, na hata familia ya kifalme haikusamehewa. Tangu 1986 eneo hilo ni Urithi wa Dunia.