Kijivu Hakina Mwaka

Ukipiga picha ya stesheni iliyoachwa kwa nyeusi na nyeupe, unaizeesha bure. Hilo hunisumbua kila nikirudi kwa reli ya zamani, ile nyembamba ya Nairobi hadi Mombasa.

Chukua Sultan Hamud, kule Makueni. Mji huo ulipewa jina la Sultani wa Zanzibar aliyeanza kutawala 1896, mwaka uleule reli ilianza kujengwa Mombasa. Vibarua na mafundi karibu 32,000 waliletwa kutoka India, na kama 2,500 hivi wakafa. Reli ikafika Nairobi 1899, Kisumu 1901. Picha za ujenzi huo ni nyeusi na nyeupe kwa sababu mpiga picha hakuwa na njia nyingine. Sisi tunachagua.

Na ukichagua, angalia kinachopotea. Ukutani kuna namba ya simu kwa rangi nyekundu. Chini kuna chupa ya plastiki, kijani kabisa. Kwa macho, vitu hivi vinakuambia watu walikuwa hapa juzi tu. Kwa picha, chupa inakuwa kivuli, namba inakuwa doa, na mabati yenye kutu yanakaa ya enzi za mkoloni. Mtu akiiona anasema, "Wueh, hao watu walijua kujenga!" Hakuna anayeuliza ni nani alifunga.

Treni za abiria za reli hii zilisimama 2017, SGR ilipoanza. Mimi nilikuwa kidato cha nne, si ati ni zamani. Treni mpya ikapewa stesheni Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Sultan Hamud haimo. Makindu pia haimo. Miji iliyokuzwa na reli ikarukwa na reli, na walioamua hivyo wengi wako hai, wanakula pensheni ama bado wako ofisini.

Bado napiga nyeusi na nyeupe. Jua la mchana la huko linaua rangi, lakini kivuli chini ya paa la stesheni kinatoka safi sana. Nyuma ya kila picha naandika jina la mahali na 2017. Mteja mmoja aliniomba nitoe huo mwaka, ati unaharibu ile hisia ya kale. Nikamwambia picha inauzwa na mwaka wake. Hakununua.