Alibhai Mulla Jeevanjee (1856–1936): Mwenye Bustani Hii

Unaposimama hapa, chini ya miti inayowapa kivuli wahubiri wa saa ya chakula cha mchana, uko ndani ya zawadi ya mhamiaji. Jeevanjee alizaliwa Karachi na kufika Mombasa mwaka 1890. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa, yeye ndiye aliyepata kandarasi ya kuleta vibarua kutoka Bara Hindi na kuwalisha. Faida yake aliigeuza kuwa meli, majengo na soko la Nairobi. Gazeti alilolianzisha Mombasa, African Standard, ndilo The Standard la leo.

Mwaka 1906 aliutoa uwanja huu kwa wakazi wa mji, pamoja na sanamu ndogo ya Malkia Victoria.

Heshima hiyo kwa Malkia haikumfunga mdomo. Alikuwa wa kwanza asiye Mzungu kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na alipinga waziwazi sheria za kuwatengea Wazungu peke yao ardhi ya nyanda za juu. Kwa mfanyabiashara aliyetegemea kandarasi za serikali, huo ulikuwa ujasiri mkubwa.

Mwaka 1991 ulizuka mpango wa kujenga maegesho ya magari hapa. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza upinzani, wakazi wakamuunga mkono, na mpango ukafa.

Bustani ni yako. Keti, pumzika, na uilinde.