Omwami wa Bunyala na jina lake kubwa

Wanyala wa Navakholo, kaunti ya Kakamega, huitwa Abanyala ba Ndombi, ili wasichanganywe na ndugu zao wa Busia walio kando ya Ziwa Victoria. Ndombi huyo ni Ndombi wa Namusia, chifu aliyeogopwa na kuheshimiwa zama za ukoloni, na kiti chake kikarithiwa na mwanawe Andrea. Kwa Kiluhya cheo chao ni omwami. Ukivuka Uganda na kuingia Rwanda, jina hilohilo ni la mfalme.

Tofauti hiyo ina historia. Ukiwatoa Wawanga na Nabongo wao, Waluhya wengi hawakuwa na mfalme. Mambo ya ukoo yaliamuliwa na wazee wake. Waingereza walitaka mtu mmoja wa kumdai kodi ya nyumba, na sheria yao ya mwaka 1902 ikawapa nguvu wakuu wa vijiji waliokubaliwa na serikali. Mwaka 1909 Nabongo Mumia akatangazwa chifu mkuu wa Kavirondo ya Kaskazini. Ndugu zake na watu wake wakapewa kutawala jamii jirani, na uchungu wa jambo hilo haukuisha upesi. Omwami akawa mkono wa serikali: kodi yake, barabara yake, na vijana wa kubeba mizigo katika vita vya 1914 hadi 1918. Chini yake alikuwa liguru, mkubwa wa kijiji.

Kwa hiyo mwandishi anayemwita kila omwami wa Uluhyani mfalme anawapunja wazee wa koo, ambao ndio waliokuwa na neno la mwisho kabla ya mzungu kufika.

Rwanda mambo yalikuwa mengine kabisa. Umwami alikuwa kilele cha dola yenye watemi wake, majeshi na ngoma ya ufalme, Kalinga. Hata hivyo Wabelgiji walimwondoa Yuhi Musinga mwaka 1931 na kumweka mwanawe Rudahigwa. Burundi nayo ilikuwa na umwami wake. Ng'ambo ya Ziwa Kivu, Washi wana mwami wa Kabare, ambaye hakutawala nchi nzima bali eneo lake. Kwa Walega wa Kongo, bwami si ufalme hata kidogo. Ni chama cha madaraja, cha wanaume na wanawake, ambapo mtu hupanda kwa mafunzo, mali na mwenendo mwema, na wa daraja la juu hutunza vinyago vya pembe za ndovu.

Kwa matumizi ya neno hili, Waganda ndio wanaofanana zaidi na Waluhya. Mfalme wao ni Kabaka, na abaami walikuwa machifu wake. Siku hizi omwami ni bwana yeyote mwenye heshima, na mke anayesema "omwami wange" anamtaja mumewe.

Ufalme wa Rwanda ulivunjwa mwaka 1961, wa Burundi mwaka 1966. Kigeri wa Tano, mrithi wa Rudahigwa, alifia uhamishoni Marekani mwaka 2016. Huko Navakholo cheo cha omwami kilivuka uhuru wa 1963 kikiwa hai, ingawa mabadiliko ya sheria ya mwaka 1997 yalipunguza makali yake. Siku hizi kazi hiyo huombwa kwa barua na vyeti, na anayeipata huitisha baraza na kuamua ugomvi wa mipaka ya mashamba. Kanisani, Waluhya wakiimba Omwami, wanamwimbia Mungu.